Habasoda Saba Kwenye Pindo la Joho

Hebu nijibuni, nyinyi wenye mashine za umeme zinazotarizi zenyewe huku mnachezea simu: joho la mtoto wa mfalme linaanza kushonwa wapi?

Msiniambie shingoni. Kila mtu husema shingoni. Mabegani pia sipo. Linaanza tumboni, kwa ndani, pasipoonekana. Pale unaweka mkunjo wa kukatiza, upana wa vidole vinne, kwa sababu watoto hawangoji mtu. Unampima leo, baba yake atatawazwa baada ya miezi mitano, na mtoto huko nyuma anakula, analala, anarefuka. Siku ikifika mnafumua mkunjo, joho linateremka mpaka kwenye vifundo vya miguu, na watu wanasema mashallah, fundi kapima vizuri. Fundi hakupima chochote. Fundi aliogopa tu.

Na kazi ile ndiyo hiyo, wanangu. Ni kuogopa kwa mpango. Mimi kuna joho moja niliogopa bila mpango, na ndilo nataka mlijue.

Naitwa Bi Tumu. Anayeandika haya ni mjukuu wangu Salma, kwa simu yake, mimi nasema tu huku nachagua mchele. Shule niliachia darasa la pili kule kwetu kisiwani Faza, kwa hiyo mkiona herufi imekaa vibaya, mlaumuni yeye. Nilichokuwa nacho ni sindano. Kwetu wanawake tunashona kofia, zile za matundu madogo madogo, kofia moja miezi mitatu, na macho yanakwisha hapo hapo.

Doha nilikuja kama mfanyakazi wa nyumbani, Umm Salal, nje kidogo ya mji, kwa mama mmoja mwenye watoto sita na mbuzi. Mbuzi walikuwa na adabu zaidi. Siku moja mama yule akaniona nimekaa jikoni nashona kofia, akaichukua, akaigeuza ndani nje, akaiangalia kwa ndani. Hapo nikajua huyu anajua kushona. Mtu asiyejua huangalia nje. Kaka yake alikuwa na karakana ya majoho hapa Najma, hayo yanayoitwa bishti hapa, ya sufu na utepe wa zari, ule uzi wa dhahabu, kifuani. Akanihamishia kwake kwa karatasi zote, na mimi nikawekwa chumba cha nyuma, cha wanawake, tunaoshona nguo za kike na za watoto.

Mkubwa wetu wa kazi alikuwa mzee kutoka mji wa Hasa, nchi ya jirani, Mwalimu Jawadi. Akitaka kuingia chumba chetu alikuwa anakohoa mara tatu nyuma ya pazia. Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni, chake cha karakana, tulikutana katikati. Siku ya kwanza kanipa sindano na zari, mimi nikafanya nilivyozoea kwenye kofia: nikalamba ncha ya uzi ili upite kwenye tundu. Nikalamba, nikashona, nikalamba, nikashona, mpaka adhuhuri, najisikia fundi. Kesho yake asubuhi nakuta utepe wangu wote una madoa, mweusi kila baada ya inchi moja. Zari haitaki mate, wanangu. Haitaki jasho, haitaki ndimu, haitaki mafuta ya nazi ya mkononi. Ni madini ile.

Mwalimu Jawadi akakohoa mara tatu, akaingia, akautazama utepe.

"Ya hajja," akasema, na wakati huo hata Umra sijaenda, ni heshima yake tu, "umeninywea dhahabu yangu?"

Chumba kizima kikaanguka kwa kucheka. Aliyecheka zaidi ni Namutebi, Mganda, jirani yangu wa mkeka. Mkristo, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na mkono wa kushoto. Shikeni hilo la mkono wa kushoto. Yeye ndiye alikuwa fundi wa mapindo. Kila joho lililotoka chumba kile, pindo la chini limepita kwa Namutebi, na mishono yake ilikuwa inalala upande wake, kinyume na sisi wote. Ukilaza joho kumi mezani, hata kwa vidole tu unajua: hili pindo la Namutebi.

"Bi Tumu," aliniambia jioni ile, "nyabo," ndivyo kwao wanavyomwita mama wa heshima, "ukisikia njaa sema. Usile kazi."

Basi tukawa dada.

Nguo za watoto nilizipenda mara moja. Zina shida zake. Joho la mtu mzima ni zito, ukimvika mtoto kwa kipimo kile kile cha zari, anavutwa nyuma, anaanguka chali mbele za watu. Unapunguza zari mgongoni, unaacha kifuani tu. Kwapani unatia kitanzi cha uzi laini, maana mtoto akiinua mikono joho linabaki hewani. Na shingoni unapitisha shavu lako mwenyewe. Ndiyo, shavu. Kidole cha fundi kina sugu, hakisikii. Shavu likikwaruzika, mtoto atalia katikati ya baba yake kuvikwa taji.

Sasa likaja lile joho.

Ufalme gani sisemi. Wako mbali, si kwetu, si kwao Namutebi. Mfalme wao mpya alikuwa anakalia kiti, na wanawe watatu walitakiwa wamtangulie wakiwa na majoho. Mawili ya wavulana yakapewa watu wengine. La binti, miaka mitano, nikapewa mimi. Wakatuletea vipimo na picha kwenye simu: mtoto kasimama wima kama askari, kacheka, hana meno mawili ya mbele.

Na Salma wakati ule alikuwa Faza, miaka mitano, hana meno mawili ya mbele.

Basi niambieni nifanye nini? Nikamshonea yule kama namshonea huyu. Kifua nilitarizi wiki tano. Nikatia zari, ikapelekwa kwa fundi wa nyundo chumba cha pili, maana zari ikishashonwa hugongwa kwa nyundo ya mbao taratibu, ilale, ing'ae. Mchana kutwa tulikuwa tunasikia ukutani: ko, ko, ko. Joho likarudi linawaka. Namutebi akapiga pindo. Limekwisha.

Nami sikutosheka. Kwetu, mama yangu kila nguo mpya ya mtoto alikuwa anafungua kidogo kwenye pindo, anatia punje saba za habasoda, anafunga. Ni kwa ajili ya jicho. Watu wengi wakimtazama mtoto, la mmoja wao laweza kuwa baya. Alinitilia mimi, mimi nikamtilia mama yake Salma, mama yake Salma akamtilia Salma. Hakuna maandishi, hakuna fundo, hakuna jina la mtu. Ni habasoda, ya kutia kwenye mkate.

Nikawaza: huyu atatazamwa na watu maelfu, na hakuna aliyemtilia.

Wenzangu walipokwenda kuswali alasiri, na Namutebi katoka kuzungumza na simu, nikafungua pindo shubiri moja. Nikatia punje saba kwenye kitambaa cha ukubwa wa ukucha. Nikafunga. Na hapa ndipo nilipofanya ujinga wa ufundi wangu. Sikutaka mshono wangu uonekane katikati ya mishono ya mwenzangu. Nikaligeuza joho kichwa chini, miguu juu, nikashona kutoka mwisho kuja mwanzo, mishono ikalala kushoto kama yake. Nikapitisha kidole. Wallahi hata mimi nisingejua. Nikajisifu, wanangu. Nikajiambia, Tumu, wewe fundi.

Joho likapigwa pasi, likatiwa kwenye sanduku, Mwalimu Jawadi akafunga kabati, ufunguo ukaingia mfukoni kwake.

Kesho yake tunakunywa chai, Namutebi anasema, "Jamaa wa lile joho wanakuja leo. Shangazi wa mtoto. Lazima alikague."

"Si lishapimwa?"

"Hapimi. Anatafuta. Kwetu pia, nguo ya mtoto wa mfalme haivaliwi mpaka shangazi aipapase yote, toka shingoni mpaka chini. Mtu akitaka kuroga nyumba ya mfalme, anaanzia kwa mtoto. Anaficha kitu kwenye nguo." Akachovya mkate. "Wakikuta kitu, banange, hao watu hawachezi."

Nikaweka kikombe chini, chai haijafika nusu.

Na si huko tu. Hapa je? Kila mfanyakazi wa nyumbani Doha amesikia habari ya dada fulani aliyekutwa na kitu chini ya godoro la bosi wake. Labda ni karatasi, labda ni dawa ya tumbo ya kwao. Anaulizwa ni nini, Kiarabu kinamkwama. Anachukuliwa. Baada ya hapo hakuna anayejua mwisho wa habari, kila mtu anaumaliza anavyojua yeye. Neno uchawi likishatajwa juu yako, hutapata wa kumweleza kwamba mama yako alikuwa mtu mwema.

Nikaenda kwenye pazia. Nikamwita Mwalimu Jawadi. Nikamwambia joho la binti nataka kuliona, kuna mshono wa kifuani sikuuridhia.

"Niliuridhia mimi," akasema.

"Dakika mbili tu, mwalimu."

"Ya hajja, joho limegongwa, limepigwa pasi, limefungwa. Ukilifungua sasa, litaonekana limefunguliwa." Akanitazama. "Unaumwa? Umekuwa rangi ya majivu."

Nikasema ni chai. Nikarudi kwenye mkeka. Namutebi naye akanitazama, nikasema ni chai. Nilikuwa na saa mbili za kusema kweli, na zote mbili nikasema ni chai.

Shangazi alikuja baada ya adhuhuri. Mwanamke mrefu, mkimya, kavaa vizuri bila kumeremeta. Kiswahili chake cha shuleni, safi kuliko changu. Mwenye karakana alikuwepo, Mwalimu Jawadi alikuwepo, na sisi wanawake tukapangwa ukutani kama vyombo. Akavua pete zote, akaziweka mezani. Akafumba macho. Akaanza.

Shingo. Akapita. Kifua, utepe wote, kidole kwa kidole. Mikono. Kwapa, akakuta vile vitanzi, akatabasamu kidogo. Tumbo, akakuta mkunjo, akapima kwa vidole vinne, akatikisa kichwa kukubali. Mimi nimeshikana na ukuta. Chumba cha pili fundi anagonga: ko, ko, ko.

Pindo akaanza upande wa kulia. Mimi nilijua kitu kiko wapi. Nilikuwa naviona vidole vinakwenda, na ndani ya kichwa nasema, haraka, haraka, pita haraka. Hakupita haraka. Vikasimama.

Akafumbua macho.

"Kuna kitu humu."

Mwenye karakana hakujua Kiswahili lakini hilo alilielewa. Akamwambia Mwalimu Jawadi neno moja. Mzee akainama, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye mishono, mara mbili, kwa sababu hakutaka kusema alichokiona. Halafu akasema, kwa sauti ndogo:

"Huu ni mkono wa Namutebi."

Namutebi akacheka. Alidhani anasifiwa! Kisha akaona nyuso za watu, kicheko kikamfia mdomoni. "Mimi? Mwalimu, mimi sikutia kitu. Mungu wangu anaona, sikutia kitu!" Akawa anaangalia huyu, anaangalia yule. Akaniangalia mimi. "Bi Tumu, waambie. Unanijua. Waambie!"

Na mimi nikanyamaza.

Salma, usiruke hapa, andika. Nikanyamaza. Nilikuwa nasikia ile nyundo ukutani na nilikuwa naihesabu. Moja. Mbili. Nikawaza, huenda wakasema ni takataka tu. Tatu, nne. Nikawaza, yeye ana kaka hapa, Industrial Area, atamsaidia, mimi sina mtu. Tano. Nikawaza, Salma nani atamnunulia viatu. Sita, saba, nane. Mwenye karakana akatoa simu mfukoni. Tisa. Namutebi ameacha kupiga kelele, na Namutebi akiacha kupiga kelele ujue mambo yamekwisha. Kumi.

Ya kumi na moja nikasema, "Ni mimi."

Mnajua kilichofuata? Hawakuniamini. Mwalimu Jawadi akasema, "Hajja anamtetea rafiki yake. Mkono si wake. Mimi naujua mkono wake, nimemfundisha." Ndiyo ujinga nilioutaja. Nilikuwa nimejificha vizuri mno.

Shangazi akaninyooshea kidole. "Wewe. Fumua."

Nikapiga magoti kando ya meza. Nikafumua shubiri moja, nikatoa kile kitambaa, nikakifungua mbele yake. Punje saba. Nikamweleza zote: mama yangu, Faza, jicho, mtoto asiye na meno. Sauti yangu nilikuwa naisikia kama ya mtu mwingine, chumba cha mbali.

"Kula," akasema.

Nikala zote saba. Sijawahi kuonja habasoda chungu namna ile.

Akaningoja. Sijui alikuwa anangoja nianguke au vipi. Nilipokuwa bado mzima akasema, "Sasa shona, kama ulivyoshona."

Nikaligeuza joho kichwa chini, miguu juu. Nikaanza mwisho, nikaja mwanzo. Machozi yalikuwa yananidondoka na nilikuwa nayakwepesha yasiguse zari, maana hata kwa hofu ile ufundi haukuniacha. Mishono minne, mitano. Ikalala kushoto. Mwalimu Jawadi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema, "Ni yeye." Na sijawahi kumsikia mtu akisema maneno mawili kwa huzuni kama ile.

Shangazi akanizuia mkono. "Basi. Usifunge."

Akavaa pete zake moja moja. Akaniambia, "Mama, mimi naamini hukumtakia mtoto ubaya. Lakini kwetu anayemwekea mtoto kitu kwa siri tunamhesabu adui, hata kiwe sukari. Ungeniambia, ningekushukuru. Pindo litabaki wazi. Litafungwa kwetu, mbele ya mama yake, atazame ndani kwanza." Akamgeukia mwenye karakana, wakazungumza kwa Kiingereza. Sikuelewa hata neno, nilikuwa nasubiri tu simu ile ipigwe. Ikarudi mfukoni.

Sikufukuzwa. Mpaka leo sijui Shangazi alimwambia nini. Mwalimu Jawadi alinipa kazi ya kufumua tu, miezi minne, nafumua makosa ya wanafunzi. Alikuwa anakohoa mara tatu, anaingia, anaweka kazi, anatoka, bila hajja wala nini. Na tangu siku ile karakana yetu ikawa na desturi: joho la mtoto linatoka na pindo wazi shubiri moja, sindano na uzi vimechomekwa pembeni, mzazi aangalie ndani, ndipo lifungwe machoni pake. Wateja walidhani ni heshima ya pekee, wakaipenda. Karakana nyingine zikaiga. Hakuna aliyejua kwamba imetoka kwenye ujinga wa bibi wa Faza.

Picha ya kutawazwa tuliletewa. Mtoto kavaa, kacheka, meno yameanza kuota. Wote wanatazama zari. Mimi nilitazama pindo.

Na Namutebi? Alirudi kulala mkeka wa jirani, tukala sahani moja, tukacheka tena. Lakini wiki ya tatu, tunakunja nguo, aliniuliza bila kunitazama, "Bi Tumu, ulikuwa unahesabu. Niliona midomo. Ulifika ngapi?"

Nikamwambia, "Kumi na moja."

Akakunja nguo nyingine. "Nyingi hizo, nyabo."

Ni hivyo tu. Ameshakwenda kwao siku nyingi, ana duka, ana wajukuu. Kila Idi ananitumia salamu za sauti, anaimba, ananiombea dua za Kikristo, na mwishoni anasema, "Ukoje huko, Bi Kumi na Moja?" Anacheka. Mimi nacheka. Halafu naweka simu chini, na mikono yangu inakuwa baridi.

Sasa nisikilizeni kwa nini nasema leo. Mama yake Salma ni nesi hapa Doha, ndiye aliyeniweka kwake nilipoacha kazi. Salma kakua, kaingia karakana ile ile, ana mashine na kompyuta, lakini majoho ya watoto bado ni mkono. Juzi kapewa joho lake la kwanza la mtoto wa mfalme. Mfalme gani tena sisemi. Nilifurahi nikapiga vigelegele mpaka jirani Mfilipino akagonga ukuta.

Jana asubuhi natafuta kitana kwenye mkoba wake. Nikakuta kitambaa kidogo, ukubwa wa ukucha. Nikakifungua. Sikuhitaji kuhesabu.

Nani alimfundisha? Mimi. Kwa kumtilia mama yake, naye akamtilia yeye, bila kusema. Yote niliyowaambia hapa nilikuwa sijamwambia hata yeye, miaka yote, kwa aibu. Nikakaa kitandani, ile nyundo naisikia, na hapa petu hakuna nyundo.

Nikamwita, nikamwambia yote. Alisikiliza kasimama, kashika mlango. Nilidhani ataniuliza juu ya Shangazi, kumbe akauliza, "Namutebi alikuwa anakutazama muda wote ule?" Nikasema ndiyo. Akalia kidogo. Kisha akachukua kile kitambaa, akaenda jikoni, akamwaga punje zote kwenye unga wa mkate niliokuwa nimeukanda, akarudi na mikono ya unga, akanishika zangu.

"Bibi," akasema, "pindo nitaliacha wazi, na la habasoda nitamuuliza mama wa mtoto mwenyewe, akikataa basi. Na siku nitakayokosea, wakimtazama mwenzangu, nitasema ni mimi kabla nyundo haijagonga hata mara moja."